Filamu ya Fikiri na Kaburi la Masolwa

Masolwa alikuwa fundi baiskeli pale Mtendeni, mwenye mdomo mchafu kuliko mikono yake ya grisi. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo; watani tangu enzi za wapagazi waliokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu. Mzaramo akifa hapa mtaani, Masolwa alikuwa akiingia kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatoka. Kwangu alikuwa na ombi moja tu: "Siku yangu ikifika, Mzaramo wewe, usikubali nizikwe kimya kama mtu asiye na watu."

Bi Zabibu, Mzaramo mwenzangu, alipofariki, mwanawe Fikiri alikuja kutoka Dar na kamera, eti anatengeneza filamu ya mtaa wetu. Masolwa akaruka kaburini. "Zabibu, mlafi wewe! Hata kufa unataka kunitangulia?" Fikiri mwenyewe alicheka, akatoa jogoo. Niliona kwa macho yangu haya.

Filamu ikaonyeshwa uwanja wa shule. Tulikodi viti, wanawake wakapika pilau. Loo! Saa nzima ni Fikiri tu: Fikiri anatazama ukuta, Fikiri anatembea relini, Fikiri anafuta miwani. Sisi tunapita nyuma yake kama mbuzi. Kisha likaja kaburi. Kicheko chake kakikata, jogoo kamwondoa, utani haukutajwa kabisa. Alibaki Masolwa anamtukana marehemu, na sauti ya Fikiri: "Huu ndio mtaa ulionilea. Hata mama yangu hawakumhurumia."

Alijua, mshenzi yule! Alijua kila kitu.

Vijana wakaisambaza. Wasiotujua wakamwita Masolwa mchawi, wateja wakahamia kwa fundi mwingine. Misibani wafiwa walimsihi akae mbali: "Mzee, tusije tukarekodiwa." Akakaa mbali. Hakumtania tena mtu yeyote, hata mimi.

Alikufa mwaka huu, mwezi wa sita. Makaburini nilivua viatu, nikasogea ukingoni, matusi yote nimeshayapanga kichwani. Mkwe wangu Gervasi akanishika mkono. "Baba, simu zimeshainuliwa."

Kweli, zilikuwa kama ishirini. Nikavaa viatu vyangu. Wakamfukia, hakuna aliyecheka wala kulia kwa nguvu, tukatawanyika mapema. Mtu mzima mimi, niliogopa simu.