Phelesia Anatafuta Pakavu

MFANGANO, Agosti 1964. Jua limeshapanda juu ya mlima, na Phelesia Awuor anatambaa kwa magoti juu ya mwamba, akigeuza samaki mmoja mmoja. Kila ngege amepasuliwa mgongoni na kufunuliwa wazi. Akikauka hivyo, Waluo humwita obambla.

"Dry," anasema kwa Kiingereza, akigonga samaki kwa ukucha na kusikiliza. "Bado kidogo."

Neno hilo, yaani kavu, alilipata katika darasa la watu wazima linalofanyika kanisani siku za Jumatano. Mwalimu wao, Zadock, alidhani angelifundisha mara moja na kuendelea mbele. Masikini, alisahau kwamba darasa lake limejaa waanika samaki. Hadi leo wanawake hao wamekataa kulivuka.

"Mimi nilifikiri ni ya samaki tu," anasema Phelesia. "Kumbe ng'ombe ikikosa maziwa ni dry. Kikohozi bila makohozi ni dry. Mkate bila siagi, hata kama imetoka kwa moto sasa hivi, ni dry. Mlevi akiwacha pombe, pia yeye ni dry! Sasa huyo, bwana gazeti, nani alimuanika?"

Anacheka mpaka anashika kiuno. Mwandishi wa habari hizi alimweleza kwamba Waingereza wana hata mzaha wa jina hilo, wa mtu anayechekesha watu huku uso wake haucheki. Phelesia akafikiri.

"Huyo ni mama mkwe wangu," akasema.

Lakini hapa kisiwani pakavu si jambo la kuchezea. Tangu mvua zile kubwa, ziwa limepanda na kumeza fukwe na miamba mingi ya kuanikia. Kila mwamba una ukoo wake. Huu anaoutumia Phelesia ni wa ukoo wa marehemu mumewe, na ni kati ya michache iliyobaki juu ya maji. Shemeji yake, Maurice, amempa hadi Jumamosi: akubali kurithiwa na kuingia nyumbani kwake kama desturi inavyotaka, au auache mwamba.

Maurice si mtu mkali. Alikuja na muwa mkononi kama zawadi, akaketi mbali kidogo kwa heshima.

"Min Benta, mimi sikufukuzi," alisema, akimwita kwa jina la binti yake. "Lakini mwamba ni ya nyumba. Ukikaa nje ya nyumba, watu wataniuliza."

"Wakuulize, shemeji," Phelesia akajibu bila kuinua kichwa. "Mdomo si unayo?"

Majirani wanasema ana macho makavu, hana haya hata chembe. Siku ya mazishi hakupiga yowe, na sasa anakataa kurithiwa. Alimuuliza Zadock kama Kiingereza nacho kina macho ya namna hiyo. Mwalimu akamjibu kwamba yapo, ila huko ni macho ya mtu ambaye hakulia, basi, hayana tusi ndani yake.

"Hata hao Waingereza wamekosea," anasema Phelesia. "Nililia hapa hapa, nimeinamia samaki. Jua ilinikausha uso kabla mtu hajapita."

Adhuhuri kisiwa chote kinasinzia. Hewa inatetemeka juu ya mawe, na Phelesia huegemea kikapu chake akafumba macho. Huota ndoto ile ile: ziwa limekauka, naye anakwenda Homa Bay kwa miguu, samaki kichwani, akikanyaga majani mahali palipokuwa na maji. Kwa mbali mumewe anakuja, kasia begani.

"Sijawahi kumfikia," anasema polepole. "Nikikaribia, nzi inaniamsha."

Juzi mama mkwe wake, Bathsheba, alimwonyesha kipande cha shamba lake la mtama huko mlimani. Akamwambia apande anachotaka, hata samaki. Kisha akaondoka zake.

Hapa hakuna aliyewahi kuanika samaki mbali na maji. Wenzake wanamwonya kwamba panya watawamaliza, na kwamba shingo yake itavunjika kwa kupandisha beseni kila siku. Yeye ameshaanza kukata matete. Atayafuma yawe vichanja na kuvisimamisha juu ya nguzo ndefu.

Jumamosi anakusudia kufagia magamba yote, kisha amkabidhi Maurice mwamba ukiwa safi. Kuuacha hakutamuuma?

"Itaniuma sana," anasema, na anageuka kutazama maji. "Lakini mume nilipata mmoja, nikampenda, akanitosha. Sitafuti mwingine. Natafuta jua tu."