Nilimwambia Mama Yuko Hospitali

Mke wangu alifariki asubuhi ya Jumanne, na kabla jua halijatua tulikuwa tumekwisha kumzika. Ndivyo dini yetu inavyotaka. Mimi ni mtu wa Meru mjini, nimezaliwa katika nyumba za Waislamu, kwa hiyo maziko ya haraka kwangu ndiyo maziko. Alizikwa pamoja na mtoto aliyekuwa amemzaa alfajiri ile, mtoto wa kiume ambaye hakulia hata mara moja. Binti yetu wa kwanza, mwenye miaka minne na miezi michache, alishinda kwa jirani siku hiyo nzima akicheza na wenzake. Hakuona jeneza, hakuona sanda, hakuona watu wakikusanyika.

Jioni nilipokwenda kumchukua aliniuliza mama yuko wapi. Nikamwambia yuko hospitali.

Asubuhi ya siku hiyo ilikuwa kweli, na labda ndiyo sababu neno lilitoka kirahisi. Nilidhani ningelala kidogo, nipate nguvu, halafu kesho yake nimwambie. Kesho yake aliniuliza tena, nikamjibu vilevile. Baada ya hapo hakukuwa na siku iliyofaa. Watu walipokuja kunipa pole niliwatoa nje tuzungumze kando ya ukuta, na jirani zangu wote walijua kwamba mbele ya mtoto mama yuko hospitali. Tukaishi hivyo wiki kumi na moja.

Tulikuwa tunakaa Nchiru, karibu na chuo kikuu, ambako nilikuwa na bucha ndogo. Wateja wangu walikuwa wanafunzi, watu wa robo kilo na matumbo. Mke wangu alipokuwa hai, mtoto alibaki naye nyumbani. Sasa nilimbeba saa kumi na moja asubuhi, bado amelala, nikamlaza juu ya magunia nyuma ya friji wakati napokea nyama. Mchana alikaa juu ya kreti la soda akinitazama nikipasua mifupa kwa shoka. Vipande vidogo vya mfupa vilirukia nywele zake. Nilimchana usiku nikavikuta, na sikuweza kumsuka kwa sababu sikujua kusuka. Siku moja mwanafunzi mmoja wa kike, aliyekuja kununua maini, aliniomba amsuke palepale dukani. Mtoto alivumilia mpaka mwisho, kisha akamuuliza yule msichana kama anatoka hospitali.

Dada yangu mkubwa anakaa Embu, mtaa wa Majimbo. Watoto wake wamekua wakaondoka. Alinipigia simu mara tatu akiniambia nimpelekee mtoto, na mara ya nne akaniambia nije mwenyewe pia, kwamba bucha moja ya sokoni ilikuwa inatafuta mtu anayejua kukata. Nikakubali. Nilimwachia mwenye nyumba duka lake, nikauza friji na mizani, nikatafuta mtu mwenye pikapu.

Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi. Binti yangu aliamka na furaha, kwa sababu mtoto wa umri ule anaona kuhama kama mchezo. Alitia sufuria ndani ya ndoo, akatia viatu ndani ya sufuria, akanilazimisha niviache humo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka dereva aliposhika kitanda. Hapo mtoto alisimama mlangoni akatandaza mikono.

"Hicho kibaki," akasema. "Mama akikuja atalala wapi?"

Dereva aliniangalia. Nilimwambia mtoto kwamba Majimbo kuna nafasi, kitanda tunakwenda nacho. Akauliza mama atajuaje tumehama. Nikasema mama anaijua Majimbo, akitoka hospitali atakuja huko moja kwa moja. Alifikiri, akashusha mikono. Halafu akataka tumwachie jirani ufunguo, ili mama akipitia huku kwanza asikute nyumba imefungwa. Ufunguo nilikuwa nimekwisha kumrudishia mwenye nyumba. Nikachukua ufunguo wa zamani wa kufuli lililoharibika, nikampa, akaupeleka mwenyewe kwa yule jirani aliyeshinda naye siku ya maziko. Mama yule anauza mboga, ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliupokea ufunguo kwa mikono miwili tu. Mtoto alipoondoka, jirani aliniambia polepole kwamba mpaka hapo amenisaidia, lakini uongo huu ni wangu, nisimwongezee mwingine.

Tulikuwa na jambo moja la kumaliza kabla ya kwenda Embu. Nguo za mke wangu zilikuwa kwenye mabegi mawili, na nilitaka kuzipeleka kwa mama yake, Githongo. Sikutaka kwenda. Mama mkwe wangu ni Mkristo, mkulima wa kahawa, na binti yake alisilimu tulipooana. Hilo alilimeza. Asiloweza kulimeza ni kwamba siku ya msiba alifika makaburini akiwa na akina mama wawili wa kanisa lake, miguu yao imejaa vumbi, akakuta watu wanaondoka na udongo umekwisha kumwagiwa maji. Aliniuliza mbele ya wote, "Hamngenisubiri hata saa mbili?" Nikamjibu kwamba si mimi niliyeamua. Ningesema neno moja wangesubiri. Sikulisema, na tangu siku hiyo hatukuwa tumezungumza.

Tulimkuta uani, anachambua kahawa juu ya gunia, akitoa punje mbichi na zilizotobolewa na wadudu. Alimkumbatia mjukuu wake, mimi akanipa mkono. Dereva alibaki barabarani. Niliweka mabegi chini nikamwambia ni nguo za marehemu, lakini neno la marehemu nililisema kwa sauti ndogo. Alifungua begi la kwanza, akatoa gauni la kijani, akaliweka usoni.

Binti yangu alimshika nyanya yake mkono. "Shosho, usichukue hizo," akasema. "Ni za mama. Akitoka hospitali atakosa za kuvaa."

Mama mkwe alishusha gauni. Alimuuliza mtoto nani amemwambia mama yuko hospitali. Mtoto akanionyesha kwa kidole, bila ubaya wowote, kama anavyoonyesha mtu aliyempa mkate.

Yule mama alinitazama. Akaniambia kwa Kimeru, lugha ninayoisikia vizuri, kwamba niseme mimi au atasema yeye. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimechinja ng'ombe, nilikuwa nimeshuka kaburini nikampokea mke wangu kwa mikono hii, lakini maneno yale hayakutoka. Nilitazama kahawa.

Basi akasema yeye. Alikaa juu ya gunia, akamweka mtoto katikati ya magoti yake, akamshika mabega.

"Mama yako alikufa," akamwambia. "Hayuko hospitali. Alizikwa Meru, pamoja na mtoto mdogo. Hatarudi."

"Hata siku ya Idi?"

"Hata Idi."

Kuku alipita katikati yetu. Kisha mtoto akauliza nani alimzika, na nyanya yake akasita kwa mara ya kwanza, akasema ni baba yake na watu wengine. Binti yangu aligeuka akanitazama.

"Ulijua?" akaniuliza.

Nikasema nilijua.

Hakulia. Nilingoja alie, nilitaka alie ili nimbebe. Alichukua gauni la kijani kutoka mapajani mwa nyanya yake, akalikunja vibaya, akalirudisha ndani ya begi.

Mama mkwe aliniomba nimwachie mtoto. Aliniomba kwa upole, akisahau ugomvi wetu, akasema mwanamume anayeshinda buchani atamlea vipi msichana. Nikakataa. Nilisema dada yangu ananisubiri. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na mtu mwenye aibu hukimbilia kuwa mkali. Nilimbeba mtoto mpaka kwenye pikapu, na nyanya yake akabaki uani amesimama, mabegi miguuni. Kutoka Githongo mpaka Embu, katika kona zote zile za kushuka mitoni na kupanda, binti yangu alinigeuzia mgongo. Dereva alijaribu kumtania kidogo, akaacha.

Majimbo dada yangu alikuwa ametayarisha kila kitu. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, mezani kuna chai na chapati, na kitanda chetu kikaenea vizuri kando ya dirisha. Lakini mtoto niliyemfikisha hakuwa yule niliyetoka naye Nchiru asubuhi. Alianza kukojoa kitandani, jambo aliloacha akiwa na miaka miwili. Chakula nilichompakulia mimi hakukila. Shangazi yake alipochukua sahani ileile akaizungusha na kumrudishia, alikula kidogo. Nikisema nje kuna mvua, alikwenda dirishani kutazama. Nikisema uji umepoa, alimuuliza shangazi kama umepoa. Asubuhi nilipomuaga nikamwambia nitarudi jioni, aliniuliza, "Nani amesema?"

Nilimjibu kwamba nimesema mimi. Akatikisa kichwa, akaenda kumuuliza shangazi.

Dada yangu aliniambia nimpe muda. Nilimpa. Nilimletea viatu vya taa, vile vinavyowaka mtoto akitembea, akavivaa bila kutazama chini. Nilijifunza kusuka mistari miwili, nikaharibu, nikarudia. Alikaa akavumilia kama alivyokaa kwa yule mwanafunzi. Wiki ya tano nguo zake zilikuwa zinamning'inia. Tulimpeleka kwa daktari, akapimwa, akaonekana hana ugonjwa. Daktari aliuliza mama yake yuko wapi. Binti yangu akawahi kumjibu kabla yangu. "Alikufa," akasema, akanitazama kuona kama nitakataa.

Siku chache baadaye, mchana, dada yangu alinipigia simu buchani akisema mtoto hayupo. Alikuwa ameingia bafuni kufua, akatoka akakuta geti liko wazi. Nilikimbia na aproni yenye damu, watu wakinipisha njia kwa hofu. Tulizunguka Majimbo yote, nyumba kwa nyumba. Niliangalia mitaro. Niliangalia ndani ya tangi la maji la jengo linalojengwa, na mpaka leo nakumbuka jinsi maji yale yalivyokuwa meusi, na jinsi nilivyoingiza mkono mpaka begani kutafuta.

Tulimpata kando ya barabara kuu, kwenye kibanda cha mama mmoja Mmbeere anayeuza muguka, yale majani ya kutafuna. Amekaa kwenye stuli, amevaa viatu vya taa, ameshika mfuko wa plastiki wenye nguo yake moja na kipande cha chapati. Mama yule alisema alimwona akitembea peke yake akamshika mkono. Alimuuliza anakwenda wapi, akasema Githongo, kwa shosho. Alimuuliza kwa nini asisubiri baba ampeleke.

"Akaniambia shosho hadanganyi," mama yule akasema. Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa ananieleza tu alichosikia, huku akifunga majani yake kwa kamba ya mgomba.

Nilimbeba. Alikuwa mwepesi. Nilimwambia palepale barabarani kwamba Jumapili nitampeleka kwa shosho, na nikaona kwamba haniamini.

Jumapili tulikwenda. Safari hii sikufika Githongo na maneno ya kujitetea. Nilimwomba mama mkwe radhi kwa ajili ya zile saa mbili, nikamwambia kwamba ningeweza kuwaambia watu wasubiri na sikuwaambia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakusema amenisamehe. Alikwenda kuvaa viatu, kwa sababu nilikuwa nimemwomba twende wote watatu makaburini Meru, mahali ambapo hakuwa amerudi tangu siku ile.

Kaburi lilikuwa limeota nyasi. Binti yangu aliuliza kichwa cha mama kiko upande gani, nikamwonyesha. Akauliza mtoto yuko wapi, nikamwambia wako pamoja. Akauliza kama kuna giza. Nikasema ndiyo, kuna giza. Hapo ndipo alipolia, akalia kwa sauti, akajitupa chini mpaka udongo ukamwingia mdomoni, na alipoinuka alimshika nyanya yake kwenye sketi. Mama mkwe aliomba sala zake za Kikristo, mimi nikasoma Fatiha. Mzee anayetunza makaburi alikaa mbali, akatuacha.

Tulirudi Githongo, nikamwacha mtoto huko.

Sasa ni mwaka wa pili. Ananenepa, anasoma chekechea, Kimeru chake kimekipita Kiswahili. Jumapili anakwenda kanisani na nyanya yake, na ndugu zangu wa Meru wananiuliza kwa nini nimeruhusu. Ninakaa kwa dada yangu, ninakata nyama ya watu, na siku ninazopewa ruhusa ninakwenda kumwona. Ananipokea vizuri, ananionyesha daftari. Hajawahi kuniomba nimrudishe Majimbo.

Safari iliyopita alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba. Aliniuliza kama nitakuja Jumamosi. Tajiri wangu wa bucha hakuwa ameniambia kitu kuhusu Jumamosi. Zamani ningesema ndiyo.

"Sijui," nikamwambia. "Nikipewa ruhusa nitakuja. Nisipopewa nitampigia shosho simu."

Akasema sawa, akageuka, akarudi juu katikati ya kahawa.