Nta, Mkaa na Mama wa Litein

Tuliondoka kwetu Kilifi kwa sababu moja tu: mama yake Kiprotich alikataa kutoa jibu kwa simu. "Mlete nimuone," alimwambia mwanawe, "na ukuje na hiyo mbao yako pia."

Kiprotich, mchumba wangu, hutengeneza mbao za kuteleza juu ya mawimbi, huzichora na hufundisha watu kuzipanda. Mama alishamwambia kwamba kama kazi ni kuteleza, hata matope ya Litein yangemtosha. Tena mimi anayetaka kunioa nami nateleza! Bila ridhaa ya mama hakuna posa, na usingizi ulikuwa umenihama.

Kericho tulishuka mchana, baridi ikanigonganisha meno. Pande zote ni chai, imekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Mpakiaji mizigo aliuzunguka ubao wetu, akaugonga kwa kidole.

"Madam, hii ni ya kupiga pasi?"

"Ni ya baharini."

"Na bahari iko wapi huku?"

Litein tulifika jioni. Mama, mwembamba na mpole wa maneno, alitupa chai na kimyet, ugali wao. Alinitazama sana, akaongea kidogo. Nikalala roho juu.

Asubuhi nilipoamka, mama na Kiprotich walikuwa wameshaenda kuchuma chai. Nisije nikaonekana mvivu, nikaingia jikoni kuosha vyombo. Palikuwa na kibuyu, ndani cheusi tititi. Nikakisugua kwa maji moto na sabuni mpaka kikatakata.

Waliporudi, mama alikinusa.

"Umeosha na sabuni?"

"Ndiyo, mama. Kilikuwa na masizi."

Akakaa kwenye kigoda. Kiprotich akaninong'oneza kwamba weusi ule ni mkaa wa mti maalumu. Mama aliamka alfajiri kuusugulia humo, ili agandishe mursik, maziwa ya kumkaribishia mgeni. Mgeni mwenyewe ni mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ili kubadilisha mazungumzo, Kiprotich akaenda kuleta ubao amwonyeshe mama michoro. Akarudi ameduwaa.

"Mama, nta ya huku juu imeenda wapi?"

"Gani? Hiyo uchafu? Nilikwangua yote na kisu asubuhi. Mtu anatembea aje na kitu chafu hivyo?"

"Mama, hiyo ndiyo inashika mguu. Bila hiyo unaanguka kwa maji."

Mama aliutazama ubao, akakitazama kibuyu, akanitazama mimi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka leso ikamfunguka. "Kumbe sisi wawili ni wasafi sana!"

Nilicheka huku machozi yakinitoka, maana nilikuwa nimetua mzigo. Mursik tuliyokunywa siku hiyo ilitoka kwa jirani, na mchana kutwa mama alinifundisha kukitia kibuyu mkaa upya. Mikono ilinichafuka kuliko siku za kumsaidia Kiprotich kupaka mbao rangi.

Siku ya kurudi ukungu ulikuwa haujainuka. Nilikuwa nimejifunza kuuliza kabla ya kusugua, lakini jibu lililonileta sikuwa nimelisikia bado, wala sikuthubutu kuuliza. Mama alitusindikiza hadi barabarani, akanishika mkono.

"Ambia baba yako atutayarishie viti, tunakuja Kilifi. Lakini mimi kwa hiyo maji siingii."