Mgonjwa wa Miguu Minne

Fundi makochi huyu alikuwa mtu wa kifua mbele na shule ya kuonja, na watu walimwita Kipimo. Ukimletea jambo lolote ulilolisoma kwenye simu, alitema kwanza pini alizobana midomoni, akakutazama kama unavyotazama sponji iliyooza, akauliza, "Kipimo kiko wapi?" Ukishindwa kujibu, na wengi walishindwa, kicheko chake kilikusindikiza hadi barabarani.

Shule aliiachia kidato cha pili. Alisema wazi kwamba aliondoka kwa kuwahurumia walimu, maana walikuwa wameishiwa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, makochi yamepinduliwa miguu juu, hewa imejaa gundi na vumbi la sponji. Hapo ndipo watu walipomletea ujinga wao wa siku. Muuza matunda wa jirani alisema ukilala kichwa kikielekea kaskazini, sumaku ya dunia inaivuta damu ipande kichwani.

"Basi uko hatarini," Kipimo akamjibu. "Kwa jinsi ulivyo mzito, wewe una misumari ndani."

Mwalimu mstaafu, mtu mwenye miwani yake na heshima zake, alileta video ya kitunguu kinachowekwa ndani ya soksi usiku ili kinyonye sumu mwilini.

"Mwalimu, kitunguu kinyonye sumu ya ini kupitia unyayo, halafu kishindwe kunyonya harufu ya soksi zenyewe? Hebu nivulie kimoja tupime."

Mwalimu aliondoka bila kuchukua mto wake uliokuwa umeshashonwa.

Nani amlaumu fundi? Watu wa siku hizi wanadharaulika bila hata kuchokozwa. Mtu akinunua nyanya moja ataibonyeza pande zote, atainusa, atagombana na muuzaji hadi jasho limtoke. Mtu huyohuyo akiambiwa na asiyemjua, ndani ya simu, kwamba ini linafuliwa kama shati, anasema amina na kuutumia ukoo mzima kabla chai haijapoa. Kwa nyanya ni hakimu, kwa ini lake ni mbumbumbu.

Katika ukoo wao, mtu mmoja tu hakuwahi kutuma takataka hizo: dada yake mkubwa, mshonaji wa mito ya karakana, mama wa maneno machache na mwenye presha ya kupanda. Kipimo alimtolea mfano kila mahali. "Dada yangu anameza kidonge chake kila asubuhi, basi. Hana habari na wachawi wenu wa mtandaoni." Na kweli, kila asubuhi binti wa huyo dada alimpa mama yake kidonge na glasi ya maji, akamwona anatia mdomoni, ndipo akaenda kazini. Hawakuwa na mchezo na presha katika familia hiyo. Mama yao Kipimo na dada yake alianguka jikoni kwa kiharusi, na mdomo wake haukurudi mahali pake hadi siku walipomzika.

Binti alikuwa amepania kumbadilishia mama yake kitambaa cha kochi la sebuleni. Mama alikataa katakata. Kochi langu liacheni lilivyo, alisema, kwa ukali ambao hakuna kochi limewahi kustahili. Binti akadhani ni ubahili tu. Siku moja mama alipotoka kupeleka mito kwa mteja, binti alimwita mtu wa mkokoteni, kochi likafika karakana.

Kipimo hakuwa mtu wa kutaja bei ya kazi kwa kutazama kitambaa. Desturi yake ilikuwa kulipindua kochi, kulichana gunia la chini, na kuingiza mkono hadi begani. Kitambaa, alisema, ni uso wa kwenda harusini. Mambo yako tumboni. Tumboni mwa makochi alishatoa vitana, rimoti, na mara moja meno ya bandia ambayo mwenyewe aliyakana mbele ya mkewe.

Alipolichana gunia la kochi la dada yake, vikamwagika vidonge. Vilikuwa vingi, vyeupe, vingine vimelainika vikashika nywele na makombo. Vilidunda sakafuni, vikatawanyika kati ya miguu yao.

Binti aliinama akaokota kimoja. "Mjomba, hizi ni dawa za mama."

Kicheko kilimpanda Kipimo kwa mazoea, kikakatika. Akilini alimwona marehemu mama yake pale sakafuni jikoni, kijiko bado mkononi.

Dada mwenyewe alitokea mlangoni wakiwa bado wanaviokota. Alikuwa ameshafika nyumbani akakuta nafasi tupu ukutani.

"Kochi langu linafanya nini hapa?"

Kipimo akamwonyesha kiganja kilichojaa vidonge. "Niambie kwamba nyumbani kwako kuna panya anayeumwa presha."

Dada alivuta kigoda akaketi. Hakukana. "Nimeacha. Tangu mvua zilipoanza. Nilikuwa nakiweka chini ya ulimi, huyu akitoka nakisukumia kwenye pembe ya kochi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Daktari."

"Daktari yupi?"

Binti aliichukua simu ya mama yake akaifungua. Akatokea mwanamume mnene mbele ya pazia la maua, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya kutoka dukani. Alikuwa akisema vidonge vya presha vinagandisha figo, na kwamba unga wake wa kopo unasugua mishipa hadi inang'aa.

"Huyu?" Kipimo alisema. "Huyu hata shingo yake haijui vifungo vya hilo koti. Dada, wewe?"

"Ndiyo, mimi. Anza kucheka."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize wewe? Mwalimu mtu mzima ulimfukuza hadi akaacha mto wake. Mimi ungeniacha? Huyu nikimwandikia ananiita mama. Ananiuliza nimelalaje. Wewe, mdogo wangu, uliniuliza lini?"

Fundi akibanwa hukimbilia utundu. Aliipokea simu kwa mpwa wake, akabonyeza namba iliyoandikwa chini ya lile pazia, akaweka sauti ya wote kusikia. Sauti laini ikapokea, imejaa asali.

"Daktari, nina mgonjwa hapa," Kipimo alisema, mkono mmoja juu ya kochi. "Ana umri. Upande wa kushoto amezama kabisa."

"Pole sana, kaka. Hiyo ni sumu mwilini. Mishipa imeziba."

"Akikaliwa anatoa mlio."

"Viungo hivyo. Sumu imeshuka kwenye viungo."

"Miguu yake ni minne. Mmoja umeliwa na mchwa."

"Tunapata wengi wa hali hiyo," daktari alisema bila kusita. "Miguu inapona ya kwanza kabisa."

Binti alijiziba mdomo kwa ushungi. Dada alikaza macho kwenye simu.

"Nimemchana tumbo nikakuta nywele na makombo."

"Ndiyo uchafu wenyewe unatoka, kaka, usiogope. Makopo mawili, asubuhi na jioni, na asirudie tena vidonge vya hospitali. Sasa niambie, mama amelalaje?"

"Halali. Analaliwa."

"Mwambie nampa pole sana. Mwambie ni kama mama yangu mzazi."

Kipimo alikata simu akageuka, tayari kupokea shangwe. Binti alikuwa anacheka hadi anaegemea ukuta. Dada hakucheka.

"Maneno yaleyale," alisema polepole. "Amelalaje. Kama mama yangu mzazi. Nilikuwa nayasoma mara mbili mbili." Akalitazama kochi lake lililolala miguu juu. "Kumbe hata hili linaambiwa."

"Ni mjinga na mwizi, dada. Turudi kwenye vidonge."

"Vidonge vilikuwa vinanikohoza. Kikohozi kikavu, usiku kucha, hadi mbavu zinauma. Haya, wewe unayejua yote, niambie. Vinakohoza au ni uongo wake?"

Kipimo alifungua mdomo. Watu wawili wanashuhudia kwamba neno lililotoka halikuwahi kusikika ndani ya karakana ile.

"Sijui," alisema. "Twende kwa anayejua. Nifunge mlango tu."

Zahanati haikumpendeza. Benchi lao lilikuwa limeisha sponji, limezibwa kwa plasta ya vidonda, na alilidharau kimoyomoyo, kwa sababu dada alishamkataza kusema. Muuguzi alimfunga dada mkanda wa kupimia presha, akasoma, akahamia mkono wa pili.

"Mama, dawa unameza?"

Kipimo alitaka kujibu. Kisigino cha dada kikatua juu ya vidole vyake.

Kusema "nameza" kulikuwa rahisi. Ndivyo alivyomwambia binti yake asubuhi zote zile.

"Simezi," alisema. "Nimekuwa nazificha kwenye kochi. Zilinikohoza."

Muuguzi hakucheka wala hakutoa macho. "Hicho kikohozi tunakijua, dawa hiyo huwakohoza baadhi ya watu. Ungesema tu, zipo nyingine. Lakini kwa presha hii, mama, wiki chache tena wangekuleta hapa huwezi kutaja jina lako." Akamwingiza kwa daktari, na daktari akambadilishia dawa.

Pale dirishani pa dawa dada aliomba maji, akameza kidonge kipya mbele ya mdogo wake.

"Umeona. Na habari hii haitoki hapa."

"Hata ya yule tapeli na miguu minne?"

"Hata hiyo."

Kwa mtu wa kifua mbele kama yeye, hadithi tamu kuliko zote maishani mwake, na hana ruhusa hata ya kuionjesha. Alitembea nayo njia nzima imemvimba shavuni. Muuza matunda akamwuliza ametoka wapi na dada yake mchana wote huo.

"Kumsindikiza," Kipimo alisema, akafungua karakana.

Kesho yake, kabla ya kushika nyundo, alimpigia dada yake simu akamwuliza amelalaje. Dada akamwambia aache ujinga, halafu akamweleza.