Keki ya Kalamu

Mpaka leo nikikumbuka, situlii. Mama mmoja wa Malakisi alikuja dukani kwetu Kitale kuagiza keki ya arusi ya bintiye.

"Nataka keki ya kalamu, iwe kubwa," alisema.

Nikajiambia bwana arusi lazima ni mwalimu, wala sikuuliza. Nilikesha nikihangaika na krimu ya siagi. Nilikwaruza mistari ya mbao kwa uma, nikapaka ncha kakao ifanane na risasi ya penseli, hata nikachonga alama za meno kama za mwanafunzi anayetafuna kalamu.

Siku ya arusi nikaifunua mbele ya wageni. Muziki wa kaseti ukazimwa. Bwana arusi, kumbe fundi baiskeli, akainama kuikagua. Bibi arusi akakaribia kulia.

"Ati hii ni nini, bana?" mama akauliza.

"Kalamu, mama. Si uliagiza kalamu?"

"Nilisema ya kalamu! Watu wakuje, wakure, washibe!"

Wageni wakaangua kicheko. Alitaka keki ya karamu, na aliyeshindwa kumwelewa ni mimi, mzaliwa wa Bungoma hukohuko kwao, ninayeagiza "mchere" sokoni kila wiki.