Kibanda Nilichokiacha Nje ya Picha

Mimi huchora nyumba za zamani za Bukavu kwa rangi za maji, na kila dirisha hulipima kwanza kwa rula. Majuzi Maman Furaha, mjane, aliniomba nichore nyumba yao ya enzi za Wabelgiji, picha itundikwe siku ya misa ya kumkumbuka mumewe. Ubavuni palikuwa na kibanda cha mabati kilichoharibu umbo lake. Nikakiacha nje ya picha.

Picha ilipofunuliwa mbele ya familia, nikajisifu bila kuulizwa: “Ile kibanda mbaya nimeitoa. Sasa nyumba iko vile ilijengwa mwanzo.”



“Papa,” Maman Furaha akaniambia taratibu, “ile kibanda, bwana yangu alijijengea yeye mwenyewe, wakati ngazi zilimushinda kupanda. Ni mule alikufia.”