Sanduku la Viatu na Kaseti za Songea

Mwalimu wangu wa shule ya jioni alipohamishiwa Songea, nililia machozi ya kujaza pipa. Temeke nzima, ni yeye peke yake aliyejua kuwasha taa za jukwaani ukaona huzuni ya mtu, siyo sura yake tu. Na kiongozi wa kikundi chetu cha maigizo pale Mtoni alishanipa sharti: "Bila neno la mwalimu, braza, swichi hugusi. Utatuunguzia ukumbi!"

Basi tukasoma kwa kaseti. Mwalimu anarekodi somo, anampa utingo wa basi, mie naipokea Ubungo. Jukwaa langu lilikuwa sanduku la viatu. Taa zilikuwa tochi mbili, na rangi ni karatasi za pipi. Pipi zenyewe nilizila gunia zima kwa ajili ya elimu. Mchana naziba dirisha kwa kitenge cha mama, chumba kinakuwa giza.

Somo la mwisho lilikuwa mwanasesere: mwanamke anayemngoja mwanawe. "Mmulike, kisha nieleze unachokiona," ilisema kaseti. "Nikimwona na mie huku, nitakuandikia barua ya kumpa kiongozi wako."

Nikaanza kurekodi. Tochi mbili mbele, karatasi nyekundu, uso unawaka kama jua la saa saba... Mama yangu akachungulia, fagio mkononi.

"Mbona umemfanya mzimu?"

"Mama, narekodi!"

"We rekodi tu. Anayengoja mtu hummuliki mbele kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mwanga unamjia ubavuni, upande wa mlango. Ulivyokwenda Mererani kutafuta madini, miezi saba hata barua hakuna, mie nilikaa hapa nautazama mlango mpaka shingo ikapinda."

Hilo hakuwahi kuniambia. Nilizima tochi moja, ya pili nikaisogeza ubavuni.

"Haya," akasema taratibu. "Huyo sasa anangoja."

Kaseti ikaishia hapo, na nyingine sina. Nikaituma hivyo hivyo, na sauti ya mama ndani, nilijua nimefeli.

Barua ikaja, mistari miwili: "Nimemwona. Mpeni taa, na mama yake mpeni shikamoo yangu."

Siku ya onyesho taa zetu zilikuwa balbu ndani ya makopo ya maziwa ya unga. Mwanamke wa mchezo alipoketi kumngoja mwanawe, nilizima zote nikaacha moja, upande wa mlango. Watu elfu kumi, kwa hesabu yangu, wakanyoosha shingo kumtazama. Mama alikuwa mstari wa mbele. Hakumtazama mwigizaji, alikuwa ameugeukia mlango.